Kutoa Maoni Kuhusu Sheria za Adhabu na Mapitio ya Kesi: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Kortini, Magerezani na Vijijini

Mwongozo huu ni wa watu ambao sheria ya adhabu hupita mikononi mwao kila siku nchini Kenya: karani wa masjala ya korti, askari magereza, afisa wa probesheni, msaidizi wa kisheria, kiongozi wa mashtaka, mshauri wa waathiriwa, na chifu anayeandikiwa barua aeleze tabia ya mshtakiwa nyumbani kwao. Bunge linapotangaza kwamba linapokea maoni kuhusu mswada wa kurekebisha sheria za adhabu au mapitio ya kesi, hawa ndio wenye habari nyingi na ndio wanaonyamaza zaidi. Wengi hudhani kikao hicho ni cha mawakili. Si kweli. Wakili anajua kifungu kinasema nini, lakini karani wa Kapsabet au wa Garsen ndiye anayejua kifungu hicho kikifika mezani kwake kinafanya nini.

Kwa nini ni Bunge, wala si korti

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi ambao magerezani unaitwa kwa neno moja tu, Muruatetu. Mahakama ilisema kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba kwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira ya kosa. Hukumu ya kifo yenyewe ilibaki. Kilichoondoka ni ulazima wake. Baada ya hapo mahakama nyingi ziliubeba uamuzi huo hadi kwenye wizi wa mabavu na makosa ya ngono, na wafungwa wa makosa hayo nao wakaanza kupunguziwa vifungo. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasimamisha mwenendo huo kwa kueleza kwamba ilichoamua kinahusu mauaji peke yake.

Julai 2024 ikaenda mbele zaidi. Mahakama ya Rufani ilikuwa imempunguzia mfungwa wa unajisi kifungo kutoka miaka 20 hadi 15. Mahakama ya Juu iliirudisha ile 20, ikasema kiwango cha chini kimewekwa na Bunge, na kwamba uzito wa adhabu si jambo la kujadiliwa katika rufaa ya pili. Aprili 2025 ikabatilisha pia uamuzi wa mwaka 2023 wa Mahakama ya Rufani kule Malindi, uliokuwa umesema kifungo cha maisha kinakwenda kinyume cha Katiba.

Mtu anaweza kukubaliana na maamuzi hayo au asikubaliane. Kwa mfanyakazi, maana yake ni kwamba hakimu aliyekuwa akitafuta njia ya kupunguza makali ya sheria sasa hana njia, na anayetaka sheria ibadilike, kwa kulegezwa au kukazwa, hana budi kwenda kwa walioitunga. Hata uamuzi wa 2017 wenyewe uliagiza upelekwe kwa maspika wa Bunge la Taifa na Seneti, Mwanasheria Mkuu na Tume ya Marekebisho ya Sheria, ili sheria irekebishwe, na ili ielezwe kifungo cha maisha kinapaswa kuwa cha namna gani.

Haki yako ya kusikilizwa imo katika Ibara ya 10 na ya 118 ya Katiba. Isitoshe, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco iliyoamuliwa Novemba 2019, Mahakama ya Juu ilisema ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli: jambo linalojadiliwa lielezwe wazi, njia ya kutoa maoni iwe nyepesi, na wananchi waelimishwe kwanza kuhusu wanachoulizwa. Ukiona tangazo la siku chache lisilotaja hata vifungu vinavyoguswa, una haki ya kuandika na kuomba muda zaidi. Fanya hivyo mapema, tena kwa maandishi.

Kabla ya kushika kalamu

Mswada wa marekebisho hausomeki peke yake. Utakuta sentensi kama "kifungu cha 296 kinarekebishwa kwa kufuta kifungu kidogo cha (2)", na usipokuwa na sheria ya zamani mkononi huwezi kujua kama umepewa au umenyang'anywa. Weka nakala mbili kando kwa kando: mswada, na sheria inayorekebishwa kama ilivyo leo. Kwa mambo ya adhabu, sheria utakazozihitaji zaidi ni Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63), Kanuni ya Utaratibu wa Kesi za Jinai (Sura ya 75), Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998, Sheria ya Magereza, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014. Mwongozo wa Sera ya Adhabu wa Idara ya Mahakama, uliotolewa 2016 na kufanyiwa marekebisho 2023, ni wa kusoma pia, ila usiuchanganye na sheria. Mwongozo huo humsaidia hakimu kuchagua ndani ya mipaka iliyowekwa na Bunge. Mipaka yenyewe hauwezi kuisogeza.

Urefu wa adhabu

Hapa ndipo kelele huwa nyingi, na ndipo maoni mengi hupotea. "Adhabu ziongezwe" na "wafungwa wahurumiwe" ni misimamo ambayo kamati ya Bunge haiwezi kuifanyia kazi. Taja kosa, taja kiwango, taja kinachotokea.

Chukua wizi wa mabavu. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinataka moja tu kati ya mambo matatu: mwizi awe na silaha au chombo cha hatari, au awe na mwenzake mmoja au zaidi, au ampige au kumjeruhi mtu wakati wa wizi. Soma tena hilo la pili. Vijana wawili wanaomtisha mtu na kumpokonya simu pasipo silaha, hata mtu huyo asipopata mchubuko, wameingia katika kosa lenye hukumu ya kifo, sawa na genge lililovamia nyumba kwa bunduki usiku kucha. Kwa sababu uamuzi wa 2017 haukugusa kifungu hiki, hakimu hana cha kuchagua. Ukiwa kiongozi wa mashtaka, unajua mashtaka ya namna hii huishia wapi: mara nyingine shtaka hubadilishwa liwe wizi wa kawaida, si kwa sababu ushahidi ni haba bali kwa kuwa adhabu haiendani na kosa. Habari kama hiyo ni dhahabu kwa kamati. Pendekezo linaweza kuwa kulitenga kosa hilo katika ngazi, kila ngazi na kiwango chake.

Unajisi unahitaji uangalifu zaidi. Sheria ya 2006 inaweka kifungo cha maisha pale mtoto ana miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 pale ana miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 pale ana miaka 16 hadi 18. Kifungu kimoja kinambeba mjomba aliyemharibu mtoto wa darasa la nne na mvulana wa miaka 18 aliyepatana na msichana wa miaka 17 aliyesoma naye. Wanaotetea viwango hivi wana hoja nzito: kabla ya 2006 watoto walioumizwa waliona waliowaumiza wakirudi mtaani upesi mno, na familia nyingi zilimaliza kesi kwa mbuzi na pesa. Wanaovipinga wana barua za wavulana waliokwenda Kamiti au Shimo la Tewa wakiwa na umri wa kidato cha nne. Maoni yanayozitenga kesi hizi mbili, kwa mfano kwa kupendekeza tofauti ya umri kati ya vijana wawili iwe sababu ya kuondoa kiwango cha chini huku mtu mzima akibaki nacho, yatasomwa na pande zote mbili. Maoni yanayozichanganya yatamkera kila mtu. Mimi naona hili ndilo eneo ambalo mshauri wa waathiriwa na afisa wa probesheni wakiandika waraka mmoja kwa pamoja watasikilizwa kuliko shirika lolote kubwa.

Kisha kuna kifungo cha maisha. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia hukumu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingoja kitanzi, na Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747. Wote waliangukia kifungo cha maisha. Kwa hiyo hukumu ya kifo, kwa vitendo, ni njia ndefu ya kufika kwenye kifungo cha maisha, na kifungo hicho hakina idadi ya miaka. Mfungwa wa miaka hupata punguzo la theluthi moja akiwa na mwenendo mzuri. Wa maisha hana namba ya kugawanya. Wala hatuna bodi ya parole ya kumkagua baada ya muda fulani.

Ukipendekeza idadi ya miaka, sema wazi kama punguzo litahesabiwa. Miaka 30 pamoja na punguzo ni miaka 20. Wabunge wanaweza kuipitisha 30 wakidhani ni 30, halafu siku ya kwanza mfungwa anapotoka magazeti yawashe moto na sheria irudishwe nyuma kwa hasira. Askari wa ofisi ya kumbukumbu gerezani, ambaye hupiga hesabu hii kila wiki, ndiye wa kuwaeleza.

Faini na vifungo vifupi

Jambo hili halipati vichwa vya habari, ijapokuwa ndilo linalojaza lori la magereza kila jioni. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kina jedwali la kifungo kwa anayeshindwa kulipa faini. Faini isiyozidi shilingi 500 ni siku 14 kwa upeo. Hadi 2,500, mwezi mmoja. Hadi 15,000, miezi mitatu. Hadi 50,000, miezi sita. Zaidi ya hapo, miezi 12. Kibarua anayepata shilingi 500 kwa siku angeifanyia kazi faini ya 15,000 kwa siku 30. Akikosa kuilipa anaweza kulala ndani siku 90, na serikali ikamlisha. Tena aliyetozwa 3,000 yumo katika safu moja na aliyetozwa 15,000.

Sheria ya Huduma kwa Jamii inamruhusu hakimu kutoa amri ya kazi badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Ikiwa hukumu kama hizo hazitolewi katika korti yako, eleza kwa nini: hakuna wa kusimamia, ripoti za probesheni zinachelewa, au shule na zahanati zinakataa kupokea watu. Hapo tatizo si sheria bali bajeti, na ni bora kamati ijue hivyo kabla haijatunga kifungu kipya kitakachokwama pale pale.

Mapitio: sehemu ambayo wengi huiruka

Mijadala ya adhabu huishia kwenye miaka. Lakini mtu anayefanya kazi gerezani anajua kwamba mateso mengi yako katika swali jingine: hukumu ikiwa na kosa, nani atalirekebisha, lini, na kwa gharama ya nani? Ibara ya 50(2)(q) inampa kila aliyehukumiwa haki ya kukata rufaa au kuomba mapitio katika mahakama ya juu zaidi. Njia zipo, ila kila moja ina mlango mwembamba.

Rufaa kutoka kwa hakimu hukatwa ndani ya siku 14, na mahakama inaweza kuikubali iliyochelewa ikiwa kuna sababu nzuri. Mfungwa huipitisha kwa mkuu wa gereza, ambaye sheria inamtaka aipeleke. Siku 14 zinatosha kwa mwenye wakili. Kwa aliyehamishwa gereza mara mbili na ambaye nakala za mwenendo wa kesi yake bado hazijachapwa, hazitoshi hata kujua hakimu alisema nini. Ikiwa wewe ndiye unayechapa nakala hizo, andika zinachukua muda gani kwako na kwa nini. Pengine pendekezo lako litakuwa siku zihesabiwe tangu mfungwa alipopokea nakala, badala ya siku ya hukumu.

Aliyekiri kosa hawezi kupinga kutiwa hatiani. Anaweza tu kulalamikia uhalali au ukubwa wa adhabu. Fikiria maana yake katika korti inayosomea watu 40 mashtaka asubuhi moja, wengi wao bila wakili, wengine bila kuelewa lugha inayotumiwa.

Mapitio ya vifungu vya 362 hadi 364 vya Kanuni ya Utaratibu wa Kesi za Jinai huiwezesha Mahakama Kuu kuitisha faili ya korti ya chini na kuangalia kama uamuzi ni sahihi. Ni njia ya haraka na isiyo na gharama kubwa, na ndiyo maana wasaidizi wa kisheria huipenda. Ina mitego miwili ambayo mfungwa haambiwi. Kifungu cha 364(5) kinamzuia anayeweza kukata rufaa na hajakata kuomba mapitio. Pia Mahakama Kuu inaweza kuiongeza adhabu, mradi imempa mfungwa nafasi ya kujitetea. Nadhani mswada wowote wa mapitio ungepaswa kuanzia hapo kwenye 364(5), kwa sababu mtu aliyekosa siku zake 14 kwa kutojua ndiye anayehitaji mapitio kuliko wote.

Ibara ya 50(6) inaruhusu kuomba kesi isikilizwe upya ukipatikana ushahidi mpya wenye uzito, baada ya rufaa kwisha au muda wake kupita. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba ushahidi huo uwe haukupatikana wakati wa kesi, uwe wa kuaminika, na uwe ungeweza kuleta uamuzi tofauti. Sasa jiulize: mfungwa wa Manyani atautoa wapi ushahidi wa namna hiyo? Nani atamtafuta shahidi aliyehamia Busia, nani atalipia kipimo cha DNA? Uingereza, baada ya kashfa ya watu sita wa Birmingham ambao hatia yao ilifutwa mwaka 1991 wakiwa wamekaa ndani miaka 16, iliunda tume huru iliyoanza kazi 1997 kuchunguza kesi zinazodaiwa kuharibika na kuzirudisha mahakamani. Scotland, Norway na New Zealand nazo zina tume zao. Kenya haina. Unaweza kupendekeza chombo kipya, au, kama unaogopa ofisi nyingine ya kulipia kodi ya jumba Nairobi, upendekeze Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016 ipewe mamlaka ya kudai mafaili ya polisi kwa niaba ya mfungwa. Mimi ningechagua la pili kwa kuanzia.

Kuhusu msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 133, jambo moja tu: msamaha si mapitio. Kamati inayomshauri Rais huangalia kama mfungwa amebadilika na inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Haiulizi kama alitenda. Anayesema hakutenda na anaomba msamaha hujikuta akitakiwa ajutie asichokubali. Hili nimelisikia kwa askari wa zamu zaidi ya mmoja, na lingefaa kusemwa kwa wabunge na wao wenyewe.

Waathiriwa nao wasisahauliwe katika sehemu hii. Sheria inawapa nafasi ya kueleza madhara waliyoyapata kabla ya hukumu kutolewa. Je, mfungwa akiomba mapitio miaka sita baadaye, nani humjulisha aliyeumizwa? Kama katika kituo chako hakuna anayefanya hivyo, sema, na upendekeze nani afanye.

Dai kifungu cha mpito

Hili lina uzito kuliko urefu wake kwenye karatasi. Ibara ya 50(2)(p) inampa mshtakiwa nafuu ya adhabu ndogo zaidi ikiwa sheria imebadilika kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu. Aliyekwisha kuhukumiwa hayumo. Maana yake ni kwamba Bunge likipunguza adhabu ya wizi wa mabavu mwezi ujao bila kusema lolote zaidi, aliyehukumiwa wiki moja kabla atabaki na hukumu ya kifo huku mwenzake wa selo hiyo hiyo, kwa kosa la aina moja, akitumikia miaka michache.

Tulishaona jambo linalofanana na hilo. Kati ya Desemba 2017 na Julai 2021, mfungwa wa wizi wa mabavu ambaye faili yake ilifika mbele ya jaji mapema alipangiwa kifungo upya. Ambaye faili yake ilipotea masjala au ilichelewa kuchapwa alikuta mlango umefungwa. Waliotofautiana hawakutofautiana kwa makosa yao.

Kwa hiyo kila waraka uombe kifungu cha mpito kinachojibu maswali manne: sheria mpya itawafikia waliokwisha kuhukumiwa au la; wataomba katika mahakama ipi; ndani ya muda gani; na magereza yatawajulishaje. Ukiwa unapinga wafikiwe, sema hivyo pia, na utoe sababu. Kitu kibaya zaidi ni sheria kukaa kimya.

Namna ya kuandika

Kurasa tatu zinatosha. Andika kwa Kiswahili ukipenda: Ibara ya 120 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na hakuna karani anayeruhusiwa kukurudishia waraka kwa sababu hiyo. Taja namba za vifungu kwa usahihi ili atakayeandaa ripoti ya kamati avipate hata akiandika kwa Kiingereza. Anza kwa kueleza wewe ni nani na umeifanya kazi hiyo wapi. Halafu kila hoja iwe na mambo manne: kifungu, kinachotokea, maneno unayopendekeza, na gharama yake. Huu ni mfano:

"Kifungu cha 333(2) cha Kanuni ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Kinaitaka mahakama izingatie muda ambao mshtakiwa alizuiliwa kabla ya hukumu. Katika gereza letu tunapokea waranti za kifungo zenye tarehe ya hukumu pekee. Hatuna mamlaka ya kukisia, hivyo tunahesabu kuanzia siku hiyo, na mfungwa hulazimika kwenda Mahakama Kuu kuomba siku zake za rumande. Pendekezo: mwishoni mwa kifungu kiongezwe, 'Mahakama itaandika katika waranti ya kifungo tarehe ambayo mshtakiwa alikamatwa, idadi ya siku alizozuiliwa kabla ya hukumu, na tarehe ambayo kifungo kitahesabiwa kuanza.' Gharama: nafasi tatu za kujaza katika fomu iliyopo."

Hoja hii si ya kubuni hewani. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilisema haitoshi kwa mahakama kutamka kwamba imezingatia muda wa rumande. Lazima muda huo uonekane umepunguzwa. Bado maombi ya aina hii yanaijaza Mahakama Kuu, na kila moja linahitaji faili kuitishwa na jaji kuketi.

Unapotoa idadi, toa ile uliyoihesabu mwenyewe kwenye rejista unayoruhusiwa kuitumia, useme ni ya kipindi gani. Usiseme "wafungwa wengi". Ukiwa hujui idadi, eleza utaratibu unavyokwenda. Utaratibu nao ni ushahidi.

Mipaka ya kazi yako

Usitaje jina la mfungwa, mshtakiwa, mwathiriwa wala mtoto, na usitoe maelezo yatakayomfanya atambulike kijijini kwao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakufunga, na hata isingekufunga, heshima ingekutaka hivyo. Kesi inayoendelea kortini iache. Mtumishi wa umma achague mapema kama anaandika kwa niaba ya ofisi, na hapo anahitaji idhini, au kama mwananchi, na hapo asitumie barua yenye nembo ya ofisi. Askari magereza hawana chama cha wafanyakazi cha kuwasemea, kwa kuwa sheria ya kazi inawaacha nje. Njia nyepesi kwao ni kupitisha hoja kwa mkuu wa gereza ili ziingie katika maoni ya idara, au kuandika kama raia bila kutaja gereza. Makarani wanaweza kuandika kupitia vyama vyao.

Kikao na baada yake

Peleka waraka kwa Karani wa Bunge la Taifa, au wa Seneti kama mswada uko huko, kabla ya saa iliyotajwa kwenye tangazo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiitwa mbele ya kamati utapewa dakika chache. Usisome waraka wote. Wabunge wanao mikononi. Chagua hoja moja, ile ambayo hakuna mwingine chumbani anayeweza kuieleza kuliko wewe, na uwe tayari kwa swali la "je, waathiriwa watasemaje?", maana hilo huulizwa kila mara.

Baada ya wiki kadhaa kamati huwasilisha ripoti yake bungeni. Itafute. Humo maoni yaliyopokelewa hupangwa kifungu kwa kifungu, pamoja na yale ambayo kamati imeyakubali na iliyoyakataa. Angalia kama hoja yako imo, na kama imo, angalia kama imebaki vile ulivyoiandika, maana "tarehe ambayo kifungo kitahesabiwa kuanza" inaweza kugeuka ikawa "tarehe ya kifungo", na mambo yakawa yale yale ya zamani. Ukikuta hivyo, mwandikie mbunge wako kabla mswada haujafika hatua ya Kamati ya Bunge Zima, ambako bado vifungu vinaweza kurekebishwa kimoja kimoja. Mswada ukishapita bila hoja yako, Ibara ya 119 inakuruhusu kuwasilisha ombi Bungeni sheria irekebishwe, na waraka wako wa awali, wenye muhuri, utakuwa kiambatisho cha kwanza.